UZI: Nyumba ya uani Marekani. Jimbo limeruhusu, mji unakataa. Nimsikilize nani?

#1 Msambaa_253 (Juni 2025)

Wakuu, habari za wikiendi. Naomba wajuvi mnisaidie, na mnisamehe kwa urefu.

Nina nyumba kusini mwa Seattle, mji mdogo ambao sitautaja. Kiwanja ni futi za mraba 7,200. Nyuma kuna gereji ya zamani iliyojitenga, mlango wake umetazama kichochoro. Gari haijawahi kulala humo tangu tuhamie. Ndani kuna baiskeli za watoto na maboksi ya vyombo ambayo mke wangu anasema tutayatuma Tanga "mwaka huu", na mwaka huu umeanza 2021.

Mama yangu amepata karatasi, anakuja kuishi. Nyumba ni vyumba 3, watoto 3, mmoja ana miaka 19 na ndevu. Nikasema gereji ile niigeuze nyumba ndogo: chumba, jiko, bafu, mlango wake. Wenyewe huku wanaita ADU.

Nikaenda dirisha la vibali mjini. Karani, mama mstaarabu kabisa, akanisomea masharti: nyumba ya uani ni moja tu kwa kiwanja, isizidi futi za mraba 800, niongeze sehemu moja ya kuegesha gari, na nisaini karatasi itakayosajiliwa kaunti kwamba mimi mwenye nyumba nitaishi hapo hapo daima. Nikihama, nyumba ya uani haipangishwi.

Narudi nyumbani, jirani yangu Mvietinamu ananicheka. Anasema jimbo la Washington lilishafuta hayo yote. Sasa nani mkubwa hapa, jimbo au mji? Naomba kuwasilisha.

#2 Kidume_Kinondoni

Mkuu yaani mtu anaomba ruhusa kujenga banda la uani kwenye kiwanja chake mwenyewe? Huku Manzese kiwanja kimoja kina wapangaji kumi na choo kimoja na hakuna aliyeuliza mtu. Marekani gani hiyo.

#3 Msambaa_253

Mkuu, Marekani ndiyo hiyo. Sehemu kubwa ya mitaa ya makazi imeandikwa kwenye kanuni za mipango miji kuwa ni ya nyumba moja kwa familia moja. Ukiweka jiko la pili tu, wanahesabu umejenga nyumba ya pili. Jiko, wakuu. Unaweza kuwa na bafu tano, lakini jiko la pili ndilo kesi.

#4 BintiPwani_LA

Msambaa, shikilia hapo hapo, nakuja na maneno mengi. Kazi yangu ni kuchora ramani na kuzisindikiza madirishani, kaunti ya Los Angeles. Sheria za jimbo lako nitawaachia wa jimbo lako, lakini nikueleze namna ya kuzisoma, maana California tumepita njia hii kabla yenu na tumetoka na makovu.

Watu wanadhani jimbo liliamka asubuhi moja likasema "jengeni". Hapana. Sheria ya kwanza ya nyumba za pili California ni ya 1982. Miaka zaidi ya 40! Ilisema miji iziruhusu, ila ikaachia miji iweke masharti yake. Hapo ndipo miji ikaonyesha kipaji. Hakuna mji uliosema "hatutaki". Walisema "karibu sana, tutakuitia kikao cha majirani". Unakaa kwenye kiti, majirani wanapanda kipaza sauti mmoja mmoja kueleza jinsi bibi yako atakavyoharibu mtaa. Jimbo likajibu: kuanzia Julai 2003, hakuna vikao, karani apime ombi kwa orodha ya masharti tu, limetimia au halijatimia.

Miji ikasema sawa, basi orodha yetu ni hii: kiwanja kisipungue ukubwa fulani, sehemu mbili za kuegesha zenye paa, ada ya kuunganisha maji na majitaka kama vile unajenga nyumba mpya kabisa, vinyunyizio vya kuzima moto darini hata kama nyumba kubwa haina. Umegeuza gereji? Tujengee gereji nyingine. Ndipo sheria za 2016, zilizoanza Januari 2017, zikaanza kung'oa meno hayo, na kundi la 2019 lililoanza Januari 2020 likang'oa yaliyobaki. Leo huku mji una siku 60 kujibu ombi. Ukubwa wa kiwanja hauulizwi. Nyumba ya futi za mraba 800 iliyokaa futi 4 kutoka mpakani hawawezi kuizuia kwa kisingizio kwamba umejaza kiwanja. Gereji ikigeuzwa nyumba, hudaiwi egesho mbadala. Chini ya futi 750, zile ada za kuchangia barabara na bustani za mji ni sifuri. Sharti la mwenye nyumba kuishi hapo lilisimamishwa mpaka 2025, kisha sheria ya 2023 ikalifuta moja kwa moja. Limebaki tu kwa kile chumba kidogo cha ndani ya nyumba, kisichozidi futi 500, kinachochangia bafu na nyumba kubwa.

Kwa hiyo ukishika sheria ya jimbo, isome kama barua inayojibu barua nyingine ambayo hukuiona. Kila kifungu ni jibu la hila fulani ya mji fulani. Kifungu kikikuonekea cha ajabu, jiulize ni mji gani ulifanya ujanja mpaka wakakiandika. Na hila ambayo haijaandikwa kwenye sheria, ujue bado inafanya kazi.

#5 Njoro_Kent

Salamu wadau. Msambaa, mimi niko Kent, si mbali na wewe. Na huyo karani hakukudanganya, boss. Amekusomea kitabu cha leo.

Sheria ya jimbo inaitwa HB 1337, ilipitishwa 2023, sasa iko RCW 36.70A.681, RCW ndiyo mkusanyo wa sheria za jimbo. Andika hiyo namba. Haikuanza kuuma siku ileile. Miji ilipewa muda hadi miezi 6 baada ya tarehe yake ya kuhuisha mpango mkuu. Kwa kaunti za King, Pierce, Snohomish na Kitsap tarehe hiyo ilikuwa 31 Desemba 2024. Hesabu miezi 6: 30 Juni 2025. Leo tuko tarehe ngapi? Baada ya hapo, mji usiporekebisha kanuni zake, vile vifungu vinavyogongana na jimbo vinakufa vyenyewe.

Sasa chukua masharti yako moja moja. Moja kwa kiwanja: jimbo linasema mbili. Futi 800: mji hauruhusiwi kuweka kikomo chini ya 1,000. Kuishi hapo daima: imefutwa, usisaini hiyo karatasi hata wakikupa na kalamu. Hata urefu, hawawezi kukubana chini ya futi 24. Na zile ada za kuchangia miundombinu haziwezi kuzidi nusu ya zile zinazotozwa nyumba kubwa.

Gereji yako ndiyo tamu zaidi. Jengo lililopo likigeuzwa, hawawezi kukataa eti liko karibu mno na mpaka. Na hata kama ungejenga upya, ukuta unaweza kukaa kwenye mstari wa kichochoro cha umma, isipokuwa mji huwa unakwangua theluji kwenye hicho kichochoro. Dada wa LA amesema tutafute hila nyuma ya kila kifungu. Hiyo ya theluji nimeitafuta sana. Nadhani kuna mtu mmoja tu mwenye trekta aliyekwenda bungeni Olympia kulia.

Egesho ndilo usishangilie bado. Kiwanja chako kimezidi futi 6,000, kwa hiyo kama hauko ndani ya nusu maili ya kutembea hadi kituo kikubwa cha usafiri, bado wanaweza kukudai, hata sehemu mbili kwa nyumba ya uani moja. Lakini kichochoro unacho, utapata mahali pa gari moja.

#6 Babu_Kigamboni

Vijana, hamjambo. Mimi niko Dar, nilifanya kazi ardhi miaka mingi, sasa nimestaafu na nasoma tu. Naona mnashangilia jimbo kuukanyaga mji. Huku sisi tumelalamika miaka yote kwamba serikali kuu inaamua mambo ya mtaa bila kuuliza mtaa. Leo nyinyi mnapigia makofi jambo lilelile? Hao majirani kwenye kipaza sauti nao ni wananchi. Barabara ni yao, shule ni zao, bomba la majitaka ni lao.

#7 BintiPwani_LA

Shikamoo babu. Swali zito na sitalipaka sukari. Kuna majirani wenye hoja za kweli. Bomba kweli lina kikomo. Lakini mimi nimekaa kwenye vikao hivyo. Wanaokuja saa kumi na moja jioni siku ya Jumanne ni wenye nyumba, wastaafu wengi. Mpangaji yuko kazini, na yule ambaye angekuja kuishi mtaani hapo kama nyumba ingejengwa hana kura hapo, kwa sababu bado anaishi mji mwingine kwa kukosa nyumba. Mtaa haumwoni. Jimbo angalau linamhesabu. Tena babu, mtindo huu wa mtaa wa nyumba moja kwa familia moja si wa tangu Adamu. Berkeley, California hii hii, waliuandika 1916. Zamani watu walipangisha vyumba vya juu ya gereji bila kelele.

#8 Babu_Kigamboni

Marahaba. Umejibu, ila sijahama kabisa.

#9 Mushi_wa_Bukavu

Jambo bandugu. Mimi ni Mukongo, niko Maine. Kwetu Bukavu hii kitu tunaita aneksi, parsele moja inakuwa na nyumba ya mbele na aneksi mbili nyuma, moja ya kulipisha, moja ya ndugu waliokuja toka kijijini na hawarudi.

Huku Maine sheria ni LD 2003 (hiyo 2003 ni namba yake, si mwaka), ya mwaka 2022. Kila kiwanja chenye nyumba ya familia moja, miji inapaswa kukubali aneksi, na hawawezi kudai egesho la ziada. Ukubwa wa chini ni futi 190, ndogo sana, karibu mita 17 na nusu za mraba. Ukubwa wa juu mji unaweza kupanga. Nilipoisoma nilicheza ndombolo sebuleni.

Lakini mimi nilinunua nje ya Lewiston, kijijini kidogo, maji ya kisima na choo cha shimo lenye tangi. Ile sheria inasema kabla ya watu kuingia, lazima upeleke uthibitisho wa maandishi kwamba maji na majitaka vinatosha nyumba zote mbili. Nikaita mtaalamu wa udongo. Akachimba, akatazama, akasema tangi yangu na uwanja wake wa kunyonya ni vya vyumba 3, na vyumba 3 ninavyo tayari. Kuweka mfumo mpya ni pesa nyingi kuliko gari yangu na ya mke wangu pamoja. Kwa hiyo jimbo limesema ndiyo, mji umesema ndiyo, na udongo umesema hapana.

#10 Njoro_Kent

😂😂 Udongo hauna rufaa. Pole sana ndugu. Huku pia mji unaruhusiwa kukataa kama kiwanja hakijaunganishwa na bomba la majitaka la umma. Msambaa angalia bili yako ya maji kama ina mstari wa majitaka.

#11 NesiWaLowell

Mimi nawapa ya Massachusetts haraka, niko break. Sheria ilisainiwa Agosti 2024, ikaanza 2 Februari 2025. ADU moja ni haki yako kwenye maeneo ya nyumba za familia moja, hakuna kuomba ruhusa maalumu, hakuna sharti la mwenye nyumba kuishi hapo. Wote wanasema "futi 900, futi 900". Someni hadi mwisho wa sentensi: futi 900 AU nusu ya ukubwa wa nyumba kubwa, ipi iliyo ndogo. Nyumba yangu ni futi 1,300. Nusu ni 650. Nilikuwa nimeshachora vyumba viwili na dada yangu ameshachagua pazia.

Ndani ya nusu maili ya stesheni ya treni au basi hawadai egesho. Mbali zaidi, si zaidi ya moja. Na mji unaweza kukataza kupangisha kwa siku chache chache, kwa hiyo wenye ndoto za Airbnb tulieni.

#12 Mchagga_Houston

Huku Texas hakuna sheria ya jimbo. Bunge la Austin limejaribu zaidi ya mara moja, haipiti. Watu wataniambia "lakini Houston haina kanuni za mipango miji, jenga unavyotaka". Hiyo hadithi nimeisikia mpaka nimechoka. Houston ina kitu kikali kuliko hizo kanuni: masharti yaliyoandikwa kwenye hati za kiwanja tangu mtaa ulipopimwa. Na ofisi ya sheria ya jiji inaweza kukushtaki kwa kuyavunja, si lazima jirani atoe hela ya wakili. Yangu yanasema jengo moja la kuishi, na gereji isiyozidi magari matatu. Kwisha habari.

Kabla hamjalipa mchora ramani, nendeni mkasome hati. Si ile karatasi ya benki. Hati yenyewe, na karatasi za mtaa mzima.

#13 Njoro_Kent

Hapo Mchagga ameniguza kidonda. Mimi niliyemmwagia Msambaa sheria yote juu pale, siwezi kujenga. Mtaa wetu una HOA, chama cha wenye nyumba, na masharti yake ni ya 2006: nyumba moja, basi. HB 1337 inakataza masharti mapya ya namna hiyo, yale ya baada ya 23 Julai 2023. Ya zamani yamebaki na nguvu yake. Bunge liliogopa kugusa mikataba ya watu iliyopo.

#14 BintiPwani_LA

Sisi huku tuliigusa. Tangu 2020 HOA haiwezi kukataza ADU kwenye kiwanja cha familia moja. Inaweza kukubana kwa mambo madogo yenye busara, rangi ya ukuta na kadhalika, ila si kukataza wala kukupandishia gharama hadi ukate tamaa. Njoro, tafuta wenzako mpige kura mbadilishe masharti. Au hamia huku ulipe kodi zetu.

#15 Msambaa_253 (Julai 2025)

Wakuu, mrejesho.

Nilifuata ushauri wa Mchagga kwanza. HOA hatuna, nyumba ni ya 1947. Nikaagiza karatasi za mtaa zilizosajiliwa kaunti. Kuhusu nyumba ya pili hazisemi kitu. Ila ukurasa wa pili kuna kifungu kwamba mtu asiye wa rangi nyeupe asiishi kwenye kiwanja chochote cha mtaa huu, isipokuwa akiwa mtumishi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wake.

Nilisoma nikiwa jikoni. Nikamwita mke wangu naye akasoma. Tukakaa kimya, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo kwa karatasi hii, sisi tungeruhusiwa kukaa gerejini tu?"

Najua haina nguvu. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema 1948 kwamba hakuna mahakama inayoweza kuitekeleza, na sheria ya makazi ya 1968 ikaharamisha ubaguzi wenyewe. Karani wa kaunti aliniambia kuna fomu ya kuifuta rasmi, hailipiwi. Nimeichukua. Sijui kwa nini sijaijaza bado.

Tuendelee. Tarehe 7 Julai nilirudi dirishani na RCW 36.70A.681 nimeichapa. Karani yuleyule. Akanitazama, akacheka, akasema mji umepitisha kanuni mpya mwisho wa Juni, kijitabu chao hakijachapwa tu. Hakuna ugomvi hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimevaa na koti.

#16 Mchagga_Houston

Usiijaze leo. Ipige picha kwanza. Watoto wako waione siku moja.

#17 NesiWaLowell

Nairobi bado tunaita SQ, "servant quarter", na tunapangishana wenyewe kwa wenyewe bila kufikiria jina limetoka wapi.

#18 Msambaa_253 (Agosti 2025)

Sasa wakuu, hela. Huku ndiko jimbo halikufika.

Mkandarasi wa kwanza: kubomoa gereji na kujenga mpya ya futi 800, dola 285,000. Nikamwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Wa pili: kugeuza gereji ile ile, futi 440, dola 138,000. Wa tatu alikuja, akapiga teke sakafu, akasema zege halina chuma, hakuonekana tena.

Mambo ambayo sikuyajua: sakafu ya gereji haina kizuia unyevu chini, lazima wainue sakafu juu yake, na ukiinua sakafu dari linakuwa chini. Kuta zijazwe pamba ya kuhifadhi joto. Swichi kuu ya nyumba kubwa ni ya ampea 100, kampuni ya umeme inataka 200. Mfereji wa majitaka toka gerejini hadi bomba la mtaani lazima uteremke kwa kipimo fulani, na uani kwangu kuna mti wa mseda ambao mizizi yake imekaa pale pale. Mti ndio uliokaribia kuua mradi wote. Tumezunguka nao kwa dola 9,000 zaidi.

Swali: naweza kujenga kidogo kidogo? Mwaka huu mfereji na umeme, mwakani kuta, mwaka wa tatu bafu? Mkopo wa benki una riba na mimi sitaki riba.

#19 Kidume_Kinondoni

Ndiyo mkuu! Tofali moja moja. Mimi nyumba yangu Chanika nimeanza 2014, nimefika lenta.

#20 BintiPwani_LA

Kidume usimponze mwenzio. Msambaa, hii ndiyo sehemu inayotuumiza sisi watu wa kwetu kuliko sheria zote zilizotajwa humu. Kwetu nyumba ni akiba. Ukipata unanunua mabati, ukikosa unasubiri. Huku kibali kina uhai. Kazi ikikaa bila ukaguzi, kinakufa. Miji mingi huhesabu siku 180. Kikifa unaomba upya, na kanuni za ujenzi huenda zimebadilika, zile pamba za joto ulizoweka hazitoshi tena. Nina mteja mmoja, kwetu Mombasa, ambaye amelipia kibali hichohicho mara tatu.

Kujenga kwa taslimu inawezekana, ila kusanya kwanza, kisha anza na usisimame. Kama hukusanyi zote, tafuta jamaa mkopeshane. Mimi wateja wangu Waislamu wengi hufanya hivyo, ndugu watatu wanatoa, mwaka unaofuata zamu ya mwingine.

Na tafadhali usije ukasema "basi nijenge kimya kimya". Nimeona gereji za kimya kimya nyingi kuliko mnavyofikiria. California imeweka sheria ya kuwasaidia walioishi nazo, zilizojengwa kabla ya 2020 mji hauwezi kukunyima kibali cha kuzihalalisha isipokuwa kama ni hatari kwa afya na usalama. Hiyo ni California. Kwenu moto ukitokea kwenye chumba kisicho na kibali, kampuni ya bima inauliza swali moja tu.

#21 Babu_Kigamboni

Binti, kodi ya jengo je? Mzee mwenzangu yuko Oakland, aliogopa kujenga akisema watampandishia kodi ya nyumba yote.

#22 BintiPwani_LA

Hapana babu. Huku wanathamini kile kilichoongezwa tu, thamani ya kodi ya nyumba ya zamani inaendelea kuhesabiwa kutoka ile ya aliponunua. Kama alinunua zamani, ana bahati kubwa. Mwambie aende kwa mthamini wa kaunti akaulize kabla, wanamjibu.

#23 Mushi_wa_Bukavu

Bandugu, mimi nimepata njia. Sio aneksi ya uani. Nimetoa chumba kimoja cha nyumba kubwa, kimekuwa chumba cha aneksi iliyoshikana na nyumba, kwa hiyo jumla ya vyumba bado ni 3 na tangi haijaonewa. Mke wangu amepoteza chumba cha kushonea. Msimuulize.

#24 Msambaa_253 (Novemba 2025)

Wakuu, kibali kimetoka. Kugeuza gereji, futi 440, egesho moja upande wa kichochoro. Kaka yangu wa Minnesota na shemeji yangu wametoa sehemu, hakuna riba, kuna daftari. Fundi ameanza Jumatatu. Fomu ya kaunti nimeijaza pia, baada ya kupiga picha kama Mchagga alivyosema.

Lakini kuna jambo. Mama amefika mwezi uliopita. Nilimpeleka uani kumwonyesha, nikamwonyesha na ramani: dirisha hapa, jiko lako hapa, bafu lisilo na kizingiti ili usijikwae. Akazunguka gereji mara mbili, mikono nyuma. Akauliza, "Na nyinyi mtalala wapi?" Nikasema sisi kule nyumba kubwa. Akasema, "Yaani nimetoka Lushoto, nimepanda ndege mbili, nije nilale uani kama dada wa kazi?"

Nilijaribu kueleza. Mlango wako mwenyewe mama, uhuru wako. Akaniambia uhuru alikuwa nao Lushoto.

#25 NesiWaLowell

😂😂😂 Mama ameshinda kesi dakika mbili.

#26 Njoro_Kent

Mama yako na HOA yangu wakutane.

#27 Msambaa_253

Kwa hiyo mama amechukua chumba cha kijana, dirisha la mbele, anaona kila anayepita na ameshajua majina ya mbwa wote wa mtaani. Kijana ndiye atakayehamia uani Machi, Mungu akipenda, na tayari anatembea kama mwenye nyumba. Nimemwambia kodi ni kusafisha mfereji wa paa na kumpeleka bibi kliniki kila Alhamisi.

Mlango wa zamani wa gereji bado mzima, wa mbao, futi 8 kwa 7. Aliye karibu na Tacoma anayeutaka aje na pikapu kabla ya Jumamosi, fundi anasema la sivyo anautupa. Na yale maboksi ya vyombo nayo sasa yako sebuleni. Kama kuna mtu anatuma kontena Tanga, anishtue inboksi.